Sikio Nalo Hulelewa: Nasaha kwa Wazazi wa Watoto wa Madrasa



Katika vikao vya kamati yetu ya msikiti hurudi mara kwa mara lalamiko moja la wazazi: kwamba ustadhi humrudisha mtoto katika neno lile lile, siku nenda siku rudi, ilhali wao wakimsikiliza nyumbani hawalioni kosa. Wapo waliofikia kuwaondoa watoto wao madrasa wakiamini kuwa wanaonewa. Tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili, kwani mara nyingi chanzo chake si chuki ya mwalimu wala uzito wa ulimi wa mtoto. Chanzo ni sikio.

Kila lugha ina mwendo wake, na sikio hulelewa na mwendo huo tangu utotoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi hiyo huvutwa kidogo. Ni maneno machache tu, kama barabara, ambayo mkazo ukihama maana hubadilika: kuna barabara ya kupita magari, na kuna kazi iliyofanywa barabara. Kwa kawaida, basi, hatuna haja ya kuupima mvuto huo.

Kiarabu kina mizani nyingine. Humo urefu wa irabu ni sehemu ya neno lenyewe. Kataba ni "aliandika". Ukiivuta irabu ya kwanza, kaataba, huwa "aliandikiana na mwenziwe". Qaala ni "alisema". Ukiivuta na ya mwisho, qaalaa, wasemaji huwa wawili.

Tuyatazame maneno tuliyoyapokea. Kitabu na sababu yote asili yake ni Kiarabu, nasi huyatamka kwa mwendo mmoja. Huko yalikotoka, kitaab ina irabu ndefu, sabab haina. Kiswahili kimeyavisha kanzu ya aina moja. Mtoto aliyekulia katika habari, safari na hatari hukuta khabar msahafuni akaivuta ba yake, na masikio ya nyumbani hayashtuki.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1999 mtafiti Emmanuel Dupoux na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia Wafaransa na Wajapani. Wafaransa walitatizika kupambanua ebuzo na ebuuzo, jambo jepesi kwa Wajapani, ambao lugha yao hupima urefu wa irabu. Wajapani nao waliposikilizishwa ebzo, walisikia irabu u ambayo haikutamkwa.

Kwetu sisi uzito umezidi. Wanazuoni wametahadharisha juu ya takbira: irabu ya kwanza ya akbar ikivutwa, tamko huchukua sura ya swali, ya mwisho ikivutwa, akbaar, huwa wingi wa kabar, nayo ni ngoma. Muadhini mwenye sauti tamu anayefuata utamu wa lahani huweza kuteleza hapo, na wasikilizaji wakafurahi. Ndiyo maana elimu ya tajwidi ikaipimia madda kwa harakati: madda ya asili ni harakati mbili, haizidi wala haipungui. Kipimo hicho humwokoa msomaji asilitegemee sikio lake peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wawasikilizishe watoto kisomo cha msomaji mahiri, polepole, aya chache kila siku, huku mtoto akifuata kwa kidole msahafuni. Wahesabu naye harakati kwa kukunja vidole. Walimu nao tunawakumbusha kwamba kumchapa mtoto kwa tofauti asiyoisikia hakumfunzi kuisikia. Mtamkieni yote mawili, lililo sahihi na lililokosewa, mpaka aweze kusema lipi ni lipi, ulimi utafuata.

Wala asivunjike moyo anayejifunza kwa taabu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amembashiria ujira mara mbili yule asomaye Qur'ani kwa kutatizika, hali ya kuwa ni nzito kwake. Mwenye bishara kama hiyo hastahiki kuondolewa darasani, bali kusaidiwa abaki.