Nungunungu, Mvunaji wa Usiku
Ufikapo Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu zilizokuwa chini ya Mkoa wa Arusha hadi ulipoundwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002, usiishie kutazama vilima na mashamba. Nchi hii ina mvunaji asiyepanda wala kupalilia: nungunungu.

Huyu ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote barani Afrika. Aliyekomaa aweza kufikia kilo 20. Mchana hulala shimoni. Usiku hutoka kutafuta mizizi, viazi na magome ya miti. Akilivamia shamba la viazi, jasho la miezi kadhaa hupotea, na jamaa nzima hukosa chakula.

Wengi husema kwamba hurusha miiba kama mishale. Si kweli. Akibanwa huitikisa ili kutisha, kisha hurudi kinyumenyume kwa kasi na kumchoma adui. Mbwa asiyelijua hilo hurejea nyumbani na miiba usoni.

Basi mkulima afanyeje? Akimuua mmoja, kesho huja mwingine. Heri uzio uliofukiwa ardhini na majirani kulinda kwa zamu. Mavuno yatasalimika, naye nungunungu atabaki msituni, ambako vishimo anavyochimba hukusanya maji na mbegu, miche ikaota.