Mpangaji Asiyelipa Kodi

Akiba haiozi, walinena wahenga. Hata hivyo, hawakutuambia akiba hiyo iwekwe wapi pindi kabati zinapojaa, uvungu wa kitanda unapojaa, na mwenye nyumba akalazimika kupita ubavu ubavu sebuleni mwake. Nyumba ninayoizungumzia hapa iko Migori. Ni ya marehemu baba yangu, aliyefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30.

Aghalabu mwalimu hatupi karatasi. Baba aliacha maandalio ya masomo ya miaka mingi, magazeti ya Taifa Leo yaliyofungwa kwa kamba za katani, redio tatu mbovu, nyavu za babu, na masanduku ya bati yaliyosheheni barua. Sisi wanawe tulikutana mara mbili ili kuipanga nyumba ile, na mara zote mbili tukaishia kunywa chai. Kila kitu kilikuwa na mtetezi wake. Kaka alizitetea redio, dada akayatetea magazeti. Mama alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno yetu sote.

Ndipo shangazi alipopendekeza tumwite mwanamke mmoja wa Homa Bay, mstaafu wa masjala ya serikali, ambaye hulipwa kwa siku kupanga nyaraka na vyombo vya watu. Pendekezo hilo lilizua mjadala. Je, mgeni alipwe kwa kazi ambayo mila huwaachia wana na wake zao? Majirani nao wangesemaje? Lugha yenyewe ilitutega. Jirani yetu Mkuria, ambaye husemezana nasi kwa Kiswahili, alipoambiwa kuwa tumepata mpangaji, aliuliza atalipa kodi kiasi gani! Kitenzi “kupanga” hubeba maana ya kuweka vitu kwa utaratibu, kukusudia jambo, na kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo. Nomino “mpangaji”, lakini, takriban imetekwa na maana hiyo ya mwisho.

Kazi ilichukua siku nne. Mstaafu yule hakutupa hata kipande cha karatasi. Alitenga mafungu manne barazani: vitu vya kisheria, vya kumbukumbu, vya matumizi, na visivyo na mwenyewe. Kila jioni alimketisha mama mbele ya fungu la nne, akashika kitu kimoja kimoja na kuuliza kwa upole, “Mama, hiki ni nini?” Mama, aliyekuwa kimya kwa miezi, akaanza kusimulia. Baada ya kusimulia, aliamua mwenyewe kibaki au kiende.

Marie Kondo, Mjapani aliyevuma duniani baada ya kitabu chake kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, humtaka mtu abaki na vile tu vinavyompa furaha. Kipimo hicho kisingetufaa. Hati ya shamba haimpi mjane furaha. Humpa pa kuishi. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 1981, anayetaka kusimamia mali ya marehemu hana budi kwenda mahakamani, na huko maneno matupu hayatoshi. Hati yetu ilipatikana siku ya pili katika bahasha ya mitihani, pamoja na barua zenye mihuri ya Wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo makao yake yalikuwa Homa Bay kabla ya Migori kumegwa mwaka 1992. Mstaafu aliitambua mihuri hiyo mara moja. Kwetu sisi ilikuwa wino uliofifia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nadhani siri ya msemo huu imo katika swali. Jamaa wa marehemu huanza kwa kuuliza, “Kitu hiki apewe nani?” Mgeni, ambaye hana fungu katika mirathi, huuliza kitu chenyewe ni nini. Swali la kwanza hugawa watu. La pili huwakalisha pamoja wasikilize.

Yamkini kazi hii itaenea, kwani wazee wetu wamehifadhi mengi na watoto wanaishi mbali. Wanaisimu wenzangu, tuitafutieni jina. Kazi isiyo na jina huonekana kama aibu ya familia iliyoshindwa na nyumba yake, ilhali ni ujuzi unaostahili heshima na ujira.