Maua ya Kibugu na Majina Yake

Mtu akitoka mjini Embu kuelekea upande wa Mlima Kenya, barabara humpandisha kidogo kidogo, na hewa hubadilika kabla macho hayajatambua. Migomba na mikahawa humsindikiza njia nzima, kisha majani ya chai huanza kuonekana vilimani, mabichi na sawasawa kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Kibugu iko katika nchi hiyo ambako kahawa na chai hukaribiana. Udongo wake ni mwekundu na wenye rutuba, vijito vya maji baridi hushuka kutoka msituni, na mwenyeji akichomeka fimbo ardhini wakati wa mvua, si ajabu kuikuta imechipua.

Wageni wengi huisifu Kibugu kwa kahawa yake. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji habari za maua, maana nalikwenda huko mwezi wa Februari kwa shughuli za kazi, nikakaa siku nne, na kila jioni nalipata nafasi ya kutembea pamoja na mwenyeji wangu, mwalimu aliyekwisha kustaafu.

Yafaa kwanza nitaje majira. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza husema kwamba maua ya kiangazi huchanua Juni, Julai na Agosti. Mtu wa Kibugu akisoma hayo hucheka, kwani kwake miezi hiyo ni ya ukungu na manyunyu, nao wazee huvaa makoti mchana kutwa. Jua kali la huko ni la Januari hadi Machi, baada ya mvua za vuli na kabla ya masika. Basi wakati huo, majani yanapopukutika na vumbi kutanda juu ya nyua, ndipo baadhi ya miti huonyesha fahari yake.

Uliopita yote machoni pangu ni mwamba-ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti na Wameru muuti. Huangusha majani, ukabaki matawi matupu yenye miiba na gome nene lililopasuka, kisha katika ncha za matawi hayo hutokea maua mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Ndege wadogo waitwao chozi hawabanduki hapo. Mbao yake ni nyepesi, na jina lake la Kiswahili lakumbusha kazi ya kuwamba ngoma. Mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi, na watoto huzitunga shanga. Lakini zina sumu, kwa hiyo mzazi na aangalie zisiingie kinywani.

Kando ya njia nalikuta pia kibobakasi, mti wenye maua ya rangi ya moto, uliotokea magharibi mwa Kenya, Uganda na nchi za mbele yake. Machipukizi ya maua yake yamejaa maji, nao watoto wa shule huyabinya wakarushiana usoni. (Tulifanya vivyo hivyo zamani zetu, na walimu walitukemea vivyo hivyo.) Muringa upo mashambani kila mahali, wenye maua meupe yapendwayo na nyuki. Upo na muuru, mti wa mbao nzuri usiopatikana kwa asili katika nchi yoyote ila Kenya, nao hasa ni wa miteremko hii ya Meru na Embu. Nalimwuliza mama mmoja kwa nini hauhesabu muuru miongoni mwa maua yake, akanijibu, “Huo ni mti wa mbao, Karani. Ua ni kitu cha kuletwa.”

Jibu hilo lilinishangaza, lakini nyumba nyingi zilimwunga mkono. Bogenvilia iliyopamba milango yao ilitoka Brazil, nayo ilipewa jina la nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliikuta huko mwaka 1767. Hata ile rangi yake tunayoisifu si ua hasa, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Jakaranda ni mgeni kutoka Marekani ya Kusini. Alizeti-mwitu, ambayo huchanua manjano kando ya mashamba, asili yake ni Mexico na nchi jirani. Na huyo ni mgeni mwenye adabu, kwani majani yake yakifukiwa shambani huwa mbolea nzuri ya mahindi.

Lugha yetu ina neno ua kwa chanuo la mti, na ina neno ua kwa kitalu kizungukacho nyumba. Huko Kibugu maneno hayo mawili yamekuwa kitu kimoja. Mpaka wa shamba ni mimea iliyo hai, na mtu akipenda ua wa jirani yake huomba kitawi, akakipanda kwake, naye mwakani akampa mwingine. Hakuna fedha inayotolewa. Siku ya Jumamosi, baada ya soko, nalipelekwa kwenye nyumba moja ambako akina mama wanane hivi walikuwa wamekutana, kila mmoja na mfuko wa vipandikizi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba yenye unyevu. Walikuwa wakipeana na kuulizana majina. Na hapo kwenye majina ndipo palipozuka neno.

Mama mmoja kijana alikuwa na tawi lenye maua membamba ya rangi ya machungwa, yaliyosongamana nchani. Alikuwa amekwisha kupanda miche sita nyuma ya zizi la ng'ombe, na sasa alitaka kuwagawia wenzake. Alisema ni ule mmea unaonukia usiku, ambao watu wa pwani huupenda karibu na asumini. Mwingine akasema sivyo, wa usiku una maua ya kijani kibichi yaliyopauka. Mzee wa nyumba ile, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, akachukua jani, akalifikicha, akalinusa, akalitupa.

“Mwanangu,” akasema, “mmea huu hulisha ng'ombe mara moja tu.”

“Baba, mbona ni mzuri hivi?”

“Ndiyo, ni mzuri.”

Kijana mmoja alipiga picha kwa simu, na programu ikamtolea majina matatu, la kwanza likiwa sestramu ya machungwa. Mama yule hakuridhika, nami nalimwelewa: ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na karo ya watoto wawili hutoka kwa ng'ombe huyo, lakini miche ile alipewa na dada yake, na zawadi ya ndugu haitupwi kwa neno la simu.

Mzee alikuwa na haki. Sestramu hiyo ni ya Amerika ya Kati, nayo imeenea sana katika nyanda za juu za Kenya. Waganga wa mifugo wa nchi hii waliandika juu ya sumu yake tangu miaka ya 1960. Huharibu ini la mnyama, naye aweza kufa upesi baada ya dalili kuonekana. Hatari huzidi wakati wa jua, nyasi zikiwa haba na ua ukibaki mbichi peke yake. Ule unaonukia usiku ni binamu yake, na majani ya binamu huyo nayo si chakula cha ng'ombe. Lantana, ambayo wengi wameipanda mipakani, hudhuru mifugo vilevile. Na yale maua makubwa meupe yaning'iniayo kama tarumbeta ni sumu kuanzia mzizi hata mbegu, kwa mtu na kwa mnyama.

Mwalimu alitoa shauri lililowapendeza wote. Tawi likatwe likiwa na jani, ua na tunda pamoja, lilazwe katikati ya gazeti kuukuu chini ya uzito, na karatasi zibadilishwe kila siku mpaka likauke. Kisha liandikiwe mahali lilipotoka, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na jina la kwao. Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, iko nyumba ya kuhifadhi mimea iliyokaushwa ya Afrika ya Mashariki. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Wataalamu wake huulinganisha mmea na mingine iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka mia, wakasema ni upi.

Tawi likawekwa gazetini jioni ile ile. Mama yule alikubali kung'oa miche kabla ya jibu kuja, ila aliomba mmoja ubaki mbali na zizi, kwa ajili ya dada yake. Mzee alitikisa kichwa. Akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na gogo la mwamba-ngoma lenye unene wa mkono, akamkabidhi azibe pengo la ua.

“Usilipande leo,” akamwambia. “Lilaze kivulini, ungoje mvua.”