Kushuka Ngomo ndani ya Land Cruiser

Watoto wengi waliozaliwa hapa kambini njia wanayoijua ni hii ya vumbi ya kwenda sokoni. Wakisikia wakubwa wanataja Ngomo, wanauliza: ni mtu ao ni kijiji? Ngomo ni mlima, na njia yake haisahauliki. Leo tuwapeleke.

Kutoka Bukavu kwenda Uvira tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza unavuka mto Ruzizi, unaingia Rwanda, unapita kwenye lami mpaka Bugarama, kisha unarudi kwetu pale Kamanyola. Ilikuwa laini, lakini ilitaka karatasi za mpaka. Ya pili inabaki ndani ya nchi: Panzi, Nyantende, Nyangezi, halafu unaishuka Ngomo. Mimi nilipita hiyo ya pili mwaka 1993, nchi ikiitwa bado Zaire, ndani ya Land Cruiser ya tajiri mmoja aliyekuwa anakwenda Uvira kwa biashara.

Lilikuwa gari la raha kweli. Viti vya ngozi, vioo vinapanda vyenyewe, hewa baridi inatoka mbele. Mpaka Nyangezi mama mmoja tuliyekuwa naye alikuwa amelala usingizi. Ngomo ilimwamsha.

Pale njia imechongwa ubavuni mwa mlima. Mkono huu ukuta wa udongo na mawe, mkono ule korongo. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka Ngomo, kona kwa kona.

Vijana mnaopenda magari, sikilizeni. Shofere hakushuka kwa breki. Alisimama kwanza kule juu, akaingiza gia nzito ya magurudumu manne, akaacha injini yenyewe ishike gari. Kwa sababu gani? Breki ikikanyagwa muda mrefu inapata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Lori lenye mzigo likifika hapo, ni Mungu tu.

Katikati ya mteremko tukakutana na lori linapanda, limejaa mihogo na mafuta ya mawese, watu wamekaa juu ya mzigo. Njia haikutosha magari mawili. Tajiri akasema, "Piga honi, atupishe!" Shofere akamjibu kwa heshima, "Patroni, yule akisimama na ule mzigo hataondoka tena. Sisi ndio wepesi." Akarudisha gari nyuma, polepole, mpaka penye nafasi. Lori likapita linanguruma, watu wa juu wakatupungia mikono. Tajiri hakusema neno.

Nyuma ya lori walikuwa wamama wanapanda kwa miguu, mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hao ndio wanaoijua Ngomo, kuliko sisi tuliokalia ngozi.

Kwenye kona za mwisho bonde lote linafunguka. Unaona Ruzizi inazungukazunguka, ng'ambo ni Rwanda, na kusini yake, pale mto Ruhwa unapoingia Ruzizi, inaanza Burundi. Nchi tatu kwa jicho moja! Halafu joto la bondeni linakupokea, na umefika Kamanyola.

Siku mkisafiri milimani na watoto, kumbukeni haya. Masikio yakiziba, mtu ameze mate, na mtoto mchanga apewe ziwa. Anayetapika kwenye kona atazame mbali mbele, na asile sana kabla ya kuondoka. Na ukiwa wewe ndiye mwenye gari jepesi, mpishe mwenye mzigo.

Wazazi, jioni wachoreeni watoto njia ya kwenu hapo chini kwenye udongo. Muwatajie milima na mito, moja moja, kwa majina yake. Siku ya kurudi wasifike kwao kama wageni.