Kutoka Kiriri hadi Chemchemi ya Nili: Safari ya Siku Mbili ya Mume na Mke

Kiriri ni mtaa wa mlimani, upande wa mashariki wa mji wa Bujumbura. Mtu akisimama huko jioni huuona mji wote chini ya miguu yake, na baada ya mji huliona Ziwa Tanganyika limetanda, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo iliyouegemea mji wa Uvira. Huko ndiko iliko kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, na jirani yake, kwenye kilima cha Vugizo, ndiko alikozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Wageni hupandishwa Kiriri makusudi wajionee mandhari hayo. Wenyeji nao huyazoea, kama mtu anavyoizoea picha iliyotundikwa ukutani, hata wasiitazame tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya sekondari na mkewe, wakazi wa mtaa huo. Kwa miaka zaidi ya kumi walilitazama ziwa kutoka barazani pao bila kufunga safari ya kulifuata. Sababu zilikuwa nyingi: watoto wawili wa kusomesha, gari kuukuu, na petroli iliyokuwa adimu nchini katika miaka ya karibuni. Lakini ilikuwako sababu moja ambayo hawakuizungumza. Mke alizaliwa mwaka 1975 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, wilayani Mpanda, nchini Tanzania. Wazazi wake walikimbia Rumonge katika machafuko ya mwaka 1972, wakaacha nyumba na shamba la michikichi. Baba yake alifia Katumba. Yeye alirejea Burundi mwaka 2009, akaolewa Bujumbura, wala hakuwahi kwenda kulitazama shamba la baba yake. Ndugu zake walikuwa wameanza kudai lirudishwe lote. Yeye alisema hataki hata kuiona njia ya kwendea huko.

Mwaka huu, watoto walipokuwa likizoni kwa shangazi yao Buyenzi, mume alileta shauri. "Mama watoto," alisema, "tufuate ziwa mpaka Rumonge, tupande Bururi, tuone chemchemi ya Nili, turudi kwa njia ya Ijenda. Ukitaka kushuka garini Rumonge, tutashuka. Usipotaka, tutapita." Mke alinyamaza siku mbili, kisha akaanza kupanga kapu la safari.

ASUBUHI KATIKA RUSIZI

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Badala ya kuelekea kusini moja kwa moja, walianzia kaskazini, katika Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, mwendo mfupi kutoka mjini kwa njia ya Gatumba. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika, na mahali unapoingia umejigawa katika matete na mabwawa. Humo wamo viboko, mamba, mwari, mnandi na furukombe.

Walipanda mtumbwi wa mashine pamoja na mwongozaji. Viboko kumi na mmoja walikuwa wamejilaza majini, masikio tu yakichezacheza. Mwongozaji alizima mashine mbali nao, akaeleza kwamba kiboko hushinda majini mchana, hutoka usiku kula majani, na hatari yake ni kubwa zaidi pale mtu anaposimama kati yake na maji. Tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na kuifunika sehemu kubwa ya Gatumba mara kwa mara, viboko nao wamesogea, hata wakaonekana pembezoni mwa mitaa ya watu. Mnyama hakuhama kwa ujeuri. Maji yamemhamisha, kama yalivyowahamisha binadamu.

Mume aliuliza habari za Gustave, yule mamba aliyevuma duniani kwa kula watu, aliyekisiwa kuwa na urefu wa mita 6. Mfaransa Patrice Faye alimwandama kwa miaka mingi, na filamu ya majaribio ya kumnasa ilionyeshwa mwaka 2004, lakini mtego ulibaki mtupu. Mwongozaji alicheka, akasema kila mzee wa Rusizi ana Gustave wake. Hata hivyo, wakati wote aliozungumza hakuutia mkono wake majini.

JIWE LA MUGERE

Kutoka hapo waligeuka kusini, wakapita tena mjini na kuingia barabara ya kandokando ya ziwa. Kilomita chache baada ya mji, huko Mugere, liko jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Mume, ijapokuwa ni mwalimu, alisema kwamba hapo ndipo wazungu hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Mkewe alimsahihisha papo hapo: walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, na kila mtoto aliyesoma Tanzania anajua hivyo. Mwalimu alikubali kushindwa.

Ukweli ni kwamba, baada ya kukutana Ujiji, wasafiri hao wawili walikuja kwa mitumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa wakitafuta jibu la swali moja: je, Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungalitoka, huenda ungalikuwa ndio mwanzo wa Nili. Walipofika mlangoni waliona maji yanaingia. Kwa hiyo Tanganyika si mama wa Nili. Maji yake hutokea magharibi kwa mto Lukuga, yakaingia katika mto Kongo na kuishia bahari ya Atlantiki.

RUMONGE

Barabara ya ziwa inapendeza na inatisha. Kulia ni maji ya buluu na ngalawa zilizopumzika baada ya uvuvi wa usiku. Kushoto ni mlima uliosimama wima. Huko Gitaza mlima uliporomoka mwaka 2015 ukaifunga njia na kuua watu, nao udongo mwekundu bado unaonekana. Walinunua mukeke wa kuchoma kando ya njia, samaki yule ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, wakala kwa ndizi za kuchemsha walizobeba.

Karibu na Rumonge michikichi ilianza kujitokeza, kwanza mmoja mmoja, kisha mashamba mazima, na harufu ya mawese ikajaa garini. Mume alipunguza mwendo, asiseme neno. Mke akasema, "Simama."

Waliuliza njia, wakaelekezwa. Mlangoni kwa nyumba ya matofali walimkuta mzee mmoja akipepeta mise. Mke alimwamkia kwa mazoea ya ukubwani mwake: "Shikamoo, baba." Mzee aliinua uso. "Wewe umetoka Tanzania," alisema. Alipotajiwa jina la babake hakushtuka. Alisema alipewa kiwanja hicho na wakuu wa serikali baada ya mwaka 1972, akiwa kijana asiye na ardhi. Hakumfukuza mtu, na watoto wake saba wamezaliwa hapo. Kisha aliwapeleka nyuma ya nyumba, akawaonyesha safu ya michikichi mirefu iliyochakaa. "Hii sikuipanda mimi," alisema. "Niliikuta."

Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyepatana na mwenziwe siku hiyo. Mashauri ya namna hii yako mengi Rumonge na Nyanza-Lac, na tangu mwaka 2006 serikali iliunda Tume ya Ardhi na Mali Nyingine kwa ajili yake. Mara nyingi wazee wamewashauri watu wagawane. Mke alikunywa maji aliyopewa, akashukuru. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, alimwambia mumewe kwamba alikuwa akimwazia mtu mnyang'anyi, na amemkuta mzee mwenye kikohozi. Alisema atawaambia ndugu zake wasidai shamba lote, bali nusu yenye michikichi ya baba. Kama watakubali, hakujua.

MSITU WA BURURI NA CHEMCHEMI

Kesho yake gari lilipanda kutoka ziwani kwenda Bururi, na baada ya saa moja hewa ya joto iliwaacha. Katika hifadhi ya msitu wa Bururi walitembea kwa miguu nyuma ya mwongozaji, wakishika mizizi mahali pa utelezi. Waliona viota vya sokwe juu ya miti, kwani sokwe hutengeneza kitanda kipya kila jioni. Wenyewe hawakuwaona, walisikia tu makelele yao ng'ambo ya bonde, yakipanda na kukatika ghafula. Mwongozaji alisema mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, kwa maana ugonjwa mdogo kwa mtu unaweza kumwua sokwe.

Mchana walifika Rutovu. Juu ya kilima umejengwa mnara mdogo wa umbo la piramidi, ukumbusho wa Mjerumani Burkhart Waldecker, aliyeitambua chemchemi hiyo mwaka 1937 kuwa ndiyo ya kusini kabisa kati ya vyanzo vya Nili. Chini yake maji hutoka kwa mfereji mdogo ambao mtoto angeweza kuuziba kwa kiganja. Maji hayo huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, yakafika Ziwa Victoria, na kutoka huko huenda Misri, safari ya zaidi ya kilomita 6,000.

Mke alijaza chupa moja. Mumewe alipomwuliza ya nini, alijibu kwamba watoto wataonyeshwa.

Waliporudi kwa njia ya Matana na Ijenda, kati ya mashamba ya chai na malisho ya ng'ombe, walivuka mgongo wa milima unaogawa maji ya nchi. Mvua inyeshayo mashariki yake huenda kwa Nili. Ile ya magharibi huteremkia Tanganyika na kwenda Kongo. Ukungu ulikuwa mzito, wakavaa makoti.

KWA WATAKAOFUATA NJIA HIYO

Familia itakayopenda kuiga safari hii haihitaji mali nyingi. Ipate petroli ya kutosha kabla ya kuondoka, wala isitegemee kuipata njiani. Ibebe maji, chai katika chupa ya moto, ndizi, mayai ya kuchemsha, na koti la kila mtu, kwa sababu baridi ya Ijenda haina uhusiano na joto la Bujumbura. Iulize hali ya barabara ya ziwa msimu wa mvua. Isiingie Rusizi wala Bururi bila mwongozaji. Isiendeshe gari usiku katika milima, ambako malori na baiskeli zenye mizigo hushiriki njia moja.

Bwana na bibi walifika Kiriri jua likitua. Mke aliweka chupa juu ya kabati, akaketi barazani akilitazama ziwa upande wa kusini, kule ambako ufuko hupinda na kupotea. Kisha aliomba simu, akampigia kaka yake mkubwa.