Binti alipochagua mfuko wa tumboni

Binti wa miaka 23 wa Ujiji aliugua vidonda vya utumbo mpana kwa muda mrefu. Dawa ziliposhindwa, daktari wa upasuaji alisema utumbo huo utolewe. Mama yake aliuliza swali moja tu: "Haja itapita wapi, na nani atamwoa?"

Daktari alieleza njia tatu. Ya kwanza ni kutoa ncha ya utumbo mwembamba nje ya tumbo na kuvaa mfuko. Mwaka 1952 daktari Bryan Brooke wa Uingereza alieleza namna ya kuikunja ncha hiyo ichomoze kidogo, ili haja ya majimaji isichubue ngozi.

Ya pili ilitoka kwa Nils Kock wa Sweden, mwaka 1969. Kifuko hutengenezwa ndani ya tumbo, na mgonjwa hukimwaga kwa mrija. Havai kitu nje, ila kizuizi chake huweza kulegea na kurudiwa upasuaji.

Ya tatu ilitangazwa London mwaka 1978 na Parks na Nicholls. Kifuko cha utumbo mwembamba huunganishwa na njia ya haja yenyewe. Mtu hujisaidia chooni kama wengine, ingawa mara tano au sita kwa siku. Lakini huhitaji operesheni mbili au tatu, kifuko huweza kuvimba, na kwa mwanamke mimba huweza kuwa ngumu kupatikana.

Mama alishikilia ya tatu, kwa ajili ya ndoa.

"Mama, unataka niolewe tu, au na wajukuu unawataka?" binti aliuliza.

Mama alinyamaza. Binti akachagua mfuko, na daktari akaacha sehemu ya mwisho ya utumbo. Hiyo itachunguzwa mara kwa mara, na akishazaa anaweza kurudi kuulizia njia ya tatu.

Leo anakula ugali wa muhogo na migebuka. Mahindi ya kuchoma na nazi anatafuna sana, visije vikaziba. Anakunywa maji na chumvichumvi za ORS haja ikizidi, maana mwili wake hupoteza maji na chumvi upesi. Mfuko huumwaga ukifika theluthi, kabla haujawa mzito.

Mama sasa ndiye anayeulizia mifuko kwenye maduka ya dawa mjini Kigoma. Jirani akinong'ona, humjibu: "Mwanangu yuko hai. Hayo mengine tutayazoea."