Hema Zikishatolewa, Nani Anabaki na Bahasha ya Makaratasi?

Kwetu Nyeri mtu akifariki asubuhi, kufika jioni grupu ya WhatsApp ishafunguliwa, ina mweka hazina, na kuna mtu ashatuma 500 za kwanza. Kamati ya mazishi inakaa kila jioni. Kuna wa hema, wa jeneza, wa chakula, wa kupeleka tangazo Inooro au Kameme. Na wewe kijana unapewa ile kazi yako ya kawaida: tengeneza tangazo lenye picha, panga kijitabu cha ibada, hesabu viti. Baada ya wiki moja hivi tumezika, tumekula, kamati imeshukuriwa, grupu imenyamaza.

Sina shida na hayo yote. Kwa mambo ya kuzika, watu wa mlima tunajua kubebana. Lakini nimekaa kwa kamati za kutosha kuona kuna kiti kimoja hakuna mtu hukalia: cha mtu wa makaratasi. Maoni yangu ni kwamba hicho kiti ni chetu sisi vijana. Wazee wako na huzuni na wageni. Wewe ndiye unajua kuingia eCitizen bila kuitisha msaada, una simu yenye kamera, na bado hujaingia kwa ugomvi wa nani alipewa nini na guka.

Kwa nini nasema ni jambo kubwa? Kwa sababu ya shamba. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya ukoloni iliunganisha vipande vya mashamba huku Kati na kuanza kuyaandikisha. Mara nyingi shamba la familia nzima liliwekwa kwa jina la mwanamume mmoja. Huyo mwanamume alikufa, watoto wake wakagawana kwa mdomo, kila mtu akapanda chai au kahawa upande wake, na taito haikuguswa. Leo kuna boma nyingi Othaya, Tetu, Mathira na Mukurweini ambapo watu wamejenga, wamezaa na wamezikana kwa shamba ambalo kwa karatasi bado ni la mtu aliyekufa zamani.

Tata yangu aliolewa kwa boma kama hiyo, upande wa Othaya. Mumewe alifariki miaka 3 iliyopita. Mazishi yalikuwa mazuri sana, watu walijaa hadi barabarani. Mwezi wa pili, shemeji zake wakaanza kuchuma chai ya upande wake na kukata miti, wakisema shamba ni la baba yao na yeye ni mgeni. Tata ako na watoto wawili, mmoja alikuwa darasa la sita. Aliniita, akaniambia, "Baba, wewe ndiye unajua mambo ya simu, twende na wewe." Hivyo ndivyo nilijipata nikibeba bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi ingine. Nitakuambia nilichojifunza kwa mpangilio ambao wewe utakitumia.

Siku za kwanza, kazi ni kifo kiandikwe. Mtu akifia hospitalini, hospitali hujaza fomu ya kuarifu kifo. Akifia nyumbani, unaripoti kwa naibu wa chifu. Kama ni ajali au kifo cha ghafla kisichoeleweka, polisi lazima wajue kwanza. Hapo ndipo kibali cha mazishi hutoka. Kabla hujakabidhi kitambulisho cha marehemu, kipige picha pande zote mbili na utoe nakala, kwa sababu chenyewe huwa kinarudishwa kwa serikali. Piga picha kibali pia. Kisha angalia majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kinaweza kuwa na jina la ubatizo na taito ikawa na jina la Kikuyu na la baba peke yake. Hiyo tofauti ndogo itakusumbua kortini, kwa hivyo ijue mapema.

Baada ya mazishi, omba cheti cha kifo. Maombi ni eCitizen. Usingoje. Miezi 6 ikipita kabla kifo kiandikishwe, unaingia kwa mambo ya kuchelewa, na hapo maswali na safari zinaongezeka. Cheti ndicho ufunguo. Benki, sacco, NSSF, bima, kiwanda cha chai, chama cha ushirika cha kahawa, wote watakuuliza hicho kwanza.

Ukingoja cheti, tengeneza orodha mbili. Ya kwanza ni ya alichokuwa nacho: mashamba, akaunti, hisa, sacco, gari, pesa za simu, mifugo. Ya pili ni ya madeni yake na ya watu waliokuwa na deni lake. Uliza sacco kama aliandika mtu wa kurithi. Wengi waliandika miaka mingi iliyopita wakasahau. Na laini yake ya simu usiiache ife, kwa sababu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huweza kuipa mtu mwingine, na wewe bado unatarajia ujumbe wa benki huko. Lakini usitumie PIN yake kutoa pesa, hata kama unaijua. Hizo pesa sasa ni za mirathi.

Hapa watu wengi hushangaa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema hakuna mtu anaruhusiwa kuingilia mali ya marehemu kabla korti impe mamlaka. Kuuza, kukodisha, kukata miti ya biashara, yote ni makosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au zote mbili. Shemeji za tata hawakuwa wanajua. Nilipowaonyesha kwa simu, sauti zilishuka kidogo.

Halafu ni korti. Unaanza kwa chifu, anayeandika barua yenye majina ya wote walioachwa. Soma hiyo barua kabla haijapigwa muhuri. Ukikuta wasichana walioolewa hawako, sema. Kifungu cha 38 kinasema pale ambapo hakuna mke au mume aliyebaki, watoto wanagawana sawa, na hakisemi wavulana. Mke akiwa hai, yeye ndiye hukaa kwa mali maisha yake, ingawa hawezi kuuza shamba bila ruhusa ya korti. Katiba ya 2010 nayo imekataza ubaguzi wa kijinsia kwa mambo ya ardhi. Najua wazee fulani watasema mila. Wasikilize kwa heshima, halafu hakikisha jina la dada yako limeandikwa.

Kama marehemu hakuacha wosia, mnaomba barua za usimamizi wa mali. Wasimamizi hawazidi 4. Mali ikiwa haizidi shilingi milioni 20, mnaweza kuomba kwa hakimu mkuu badala ya Mahakama Kuu. Hapa kwetu kuna mahakama Nyeri mjini, Karatina, Othaya na Mukurweini, kwa hivyo uliza rejista ya korti iliyo karibu kama kesi yenu inaingia hapo. Ombi linachapishwa kwa Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Barua zikitoka, kwa kawaida mnangoja miezi 6 ndio korti ithibitishe na kugawa. Thibitisho ndilo mnapeleka ofisi ya ardhi kubadilisha taito. Watu wengi huchoka kabla ya hiyo hatua ya mwisho, na shamba linabaki pale pale.

Kwa tata kulikuwa na kazi mbili, si moja. Taito ilikuwa ya baba mkwe wake, kwa hivyo mirathi ya mzee ilianza kwanza ndio sehemu ya mumewe ipatikane. Wakati huo tulienda ofisi ya ardhi, tukafanya sachi, kisha akaweka zuio kwa lile shamba ndio lisiuzwe kichinichini. Mtu yeyote mwenye haki kwa shamba anaweza kuomba zuio, hata dada aliyeolewa mbali. Mirathi ya mzee ilithibitishwa mwaka jana. Ya mumewe bado iko kortini. Lakini tata anachuma chai yake, na yule mtoto sasa yuko sekondari.

Kuna msee ataniambia haya mambo ni tamaa, ati huwezi kuongea taito na mchanga wa kaburi haujakauka. Nimeisikia hiyo sana, na naielewa. Hakuna mtu anasema mgawane shamba kwa mazishi. Kupiga picha kitambulisho na kuweka kibali kwa bahasha si kugawana. Na nimeona kitu: wenye kusema tungoje mara nyingi ni wale tayari wanachuma. Mjane na watoto ndio hulipia huko kungoja.

Na kama bado kila mtu ako hai, bahati ni yenu. Mwenye miaka 18 na akili timamu anaweza kuandika wosia, akauweka sahihi mbele ya mashahidi 2. Wosia wa mdomo pia unatambuliwa, lakini lazima usemwe mbele ya mashahidi 2, na kwa kawaida mtu afariki ndani ya miezi 3 tangu auseme. Yale maneno guka alisema Krismasi ya mwaka juzi akiwa ameshiba nyama hayatawasaidia kortini.

Kwa hivyo grupu ingine ya matanga ikifunguliwa, tengeneza lile tangazo vizuri, weka picha safi. Halafu nunua bahasha ya 20 bob, andika jina la marehemu juu, na uambie kamati wewe ndiye wa makaratasi. Na wikendi hii ukipanda matatu ya kuenda ushago, kaa na shosho, kunywa chai, umwulize polepole: "Shosho, taito ya hapa iko kwa jina la nani?"